Homa ya Rundo la Panda

Eugène Banza tulimwita Docteur, ingawa hakuwahi kutibu mtu. Mgonjwa wake alikuwa mmoja tu, rundo la makaa ya mawe lililokaa nyuma ya ukuta wa kiwanda hapa Panda, mwisho wa mstari wetu wa nyumba kumi na mbili. Kila asubuhi alilipima homa. Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na minane, mimi Stanislas, mwalimu wa shule ya msingi. Sasa hayupo, na ninaeleza habari zake kwa sababu wanaozieleza kwenye baa huzieleza vibaya, na mimi nimechoka kuwasikiliza.

Asiyeyajua makaa ya mawe hudhani ni mawe, na jiwe halina shida na mtu. Kumbe yakirundikwa mengi na kukaa muda mrefu, hupata joto yenyewe kwa ndani, bila kiberiti. Ukiyaacha, siku moja utaona moshi, na baada ya hapo ni moto wa kweli. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuyapima na kuyageuza. Banza alianza kazi hiyo mwaka 1961, akiwa na fimbo ya chuma ya mita tatu. Aliichomeka ndani ya rundo mpaka mwisho, akaiacha humo. Mzungu aliyemfundisha alihesabu dakika kwa saa ya mkononi. Banza hakuwa na saa, alikuwa na rozari. Alisali fungu moja, Salamu Maria kumi, kisha akachomoa fimbo na kuishika kwa kiganja kitupu huku akianza Baba Yetu. Akifika amina bado ameishika, rundo ni zima. Akiiachia kwenye “utusamehe makosa yetu,” litageuzwa wiki ijayo. Akiiachia kwenye “mkate wetu,” wanaume wanaitwa na mabeleshi siku hiyo hiyo. Padri alipopata habari alisema hayo si matumizi mazuri ya sala. Banza alimwomba amletee saa, na padri hakulizungumzia tena.

Makaa yalitoka Luena kwa treni. Mwanzoni yalikuwa ya Wazungu wa Kampuni ya migodi, kama kila kitu, pamoja na nyumba tulizolala na hospitali tulikozaliwa. Bosi wa kwanza wa Banza alikuwa Mzungu wa matusi na mateke, lakini kila mwisho wa mwezi alimruhusu kubeba kikapu kimoja nyumbani. Makaa yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akitaka anatoa.

Mwaka 1967 serikali ikachukua yote, migodi, viwanda, makaa ya Luena, na rundo la Panda likiwemo. Wafanyakazi wakakusanywa uwanjani. Mkubwa mpya, mweusi kama sisi, akapanda juu ya pipa na kutangaza kwamba tangu leo mali hii si ya Wazungu tena, ni ya taifa, yaani ni yetu. Watu walipiga makofi ya kweli, na Banza alipiga kuliko wote. Kisha akanyoosha mkono.

“Chef, kama makala iko yetu, kile kitunga yangu ya mwezi, ninabeba leo ao kesho?”

Mkubwa alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya.

“Hapana. Iko yetu sisi bote. Kama iko ya bote, muntu moja hawezi kubeba.”

Banza alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Élisabeth, kwamba sasa wana rundo zima ila kikapu hakipo tena. Élisabeth tangu siku ile alipikia makaa ya miti ya kununua, na hakuacha kuuliza maana ya habari hiyo. Lakini Banza, na hapa ndipo wengi hawamwelewi, aliliamini lile neno. Kama ni mali ya wote, alisema, basi anayeiba donge moja amemwibia kila mtu, hata mtoto atakayezaliwa kesho. Kwa miaka ishirini na saba alifukuza wezi wa makaa. Alimfukuza hata shemeji yake, mbele ya watu. Hakuwahi kusinzia kazini, na alipenda kutuambia hivyo mara nyingi kuliko tulivyohitaji kusikia. Jina la mlinzi asiyelala ndilo lililokuwa mali yake yeye mwenyewe, maana mali nyingine zote zilikuwa za wote.

Halafu miaka ya tisini ikatukuta. Sitasimulia yote, aliyekuwepo anajua, na ambaye hakuwepo atasema ninatia chumvi. Mashine zilisimama moja moja. Askari walipora mji. Kisha ikaja zamu ya kuwafukuza majirani zetu wa Kasai. Mwenzake Banza kwenye rundo, Léon, alizaliwa hapa hapa Panda, nyumba ya nne, lakini baba yake alitoka Kasai, na hilo lilitosha. Alikaa stesheni na watoto wake wiki sita akingoja treni. Banza alimpelekea bukari, ugali wetu, kila jioni. Sisi wengine tulikaa kimya, na hilo nalo liandikwe. Treni ilipoondoka, hakuna aliyekuja kushika beleshi la Léon, na Banza akawa anafanya kazi ya watu wawili.

Mwaka 1994 sehemu ya kiwanda iliyotumia makaa ilizimwa, rundo likabaki. Tingatinga lililokuwa likiligeuza liliuzwa kipande kwa kipande, na waliouza hawakufukuzwa na mtu. Hakuna aliyemwambia Banza aache, wala aliyemwambia aendelee. Akaendelea.

Mwezi wa sita fimbo ilimfikisha “utusamehe makosa yetu.” Mwezi wa saba ikawa “mkate wetu,” na hapakuwa na wanaume wa kuitwa. Mwanzoni mwa mwezi wa nane, nyasi zote zimekauka, aliiachia kwenye “jina lako litukuzwe,” na kiganja kikatoka malengelenge.

Nyumba ya kumi na mbili, ile inayoegemea ukuta wa rundo, alikaa binti yake, Reine, aliyejifungua wiki mbili kabla. Mumewe alikuwa bado kwenye orodha ya Kampuni, lakini mishahara haikuja, na kwa kuwa orodha haipikwi, alikwenda Kakanda kuchimba kwa mikono. Reine alianza kuamka na kichwa kinachouma, na mtoto, Plamedi, akawa anatapika maziwa. Banza aliingia chumbani, akanusa, akajua ni hewa ya rundo inayopenya ukuta. Akawahamishia kwake, nyumba ya tisa. Lakini nyumba zetu zimeshikana, paa moja refu toka mwanzo hadi mwisho, na mbao zake ni za zamani za Wazungu, kavu kabisa. Moto ukiingia ya kumi na mbili hausimami ya tisa. Tulikuwa familia kumi na mbili na watoto hamsini na kitu, na mtu aliyejua kwamba tunaweza kuungua alikuwa mmoja.

Aligeuza peke yake siku nne. Siku ya tano alivaa shati la Jumapili akaenda ofisini kwa Camille, mkubwa wa vifaa. Camille alikuwa bado na meza na muhuri, ila kalamu hakuwa nayo.

“Patron, makala iko na homa,” Banza alisema. “Inapashwa kutoka pale.”

“Inatoka inaenda wapi?”

“Popote. Itawanyike tu. Ikitawanyika, itapola.”

“Banza, ile ni patrimoine ya État, mali ya serikali. Siwezi kuisogeza bila barua ya Lubumbashi. Na Lubumbashi habawezi bila barua ya Kinshasa.”

“Barua inachukua siku ngapi?”

“Zamani wiki mbili. Sasa posta haiko.”

“Na kama inawaka?”

Camille alijikuna sikio. “Kama inawaka, pale njo tutaandika rapport.”

Banza alimshukuru, maana alilelewa vizuri, akarudi Panda kwa miguu.

Jioni ile Docteur alifanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alipita nyumba kwa nyumba akituomba tukabebe makaa, bure. Kwangu alisimama mlangoni na kofia mkononi.

“Mwalimu, kesho mukuje na kitunga, na bibi yako pia. Mubebe vile munataka.”

“Makala ya État?”

“Eee.”

“Weye njo unasema vile?”

“Minye.”

Nilimwambia asante, nikafunga mlango na kuweka komeo. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia Docteur ametumwa. Tusionekane wajinga. Baada ya ule uporaji wa 1991 askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu, na waliopigwa viboko zaidi ni wale waliosema “nilipewa.” Aliyeiba angalau alikuwa ameficha. Kitu cha bure kutoka kwa mlinzi wa serikali, tena yule aliyemfukuza shemeji yake, tulijua kina ndoana ndani.

Mama Jenny wa nyumba ya tano, kiongozi wa kikundi cha maombi, alikuwa na sababu yake. Banza alikosea akamweleza ukweli, kwamba makaa yanashika moto yenyewe kwa ndani. Mama Jenny akawafundisha wenzake kwamba moto usio na kiberiti unajulikana unakotoka, na atakayepikia makaa yale anakula mezani pa adui. Wakaja wanane, wakasimama nje ya ukuta, wakalikemea rundo saa mbili nzima. Banza aliwasikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Walipoondoka alichomeka fimbo, na safari hii aliiachia kwenye “Baba.”

Kesho yake asubuhi alikuja tena kwangu, na ubao na kopo la rangi nyekundu.

“Mwalimu, weye uko na mukono ya muzuri. Uniandikie.”

Nikachukua brashi. Yeye akanitajia maneno, taratibu: “DÉFENSE. MAKALA YA ÉTAT. HAKUNA KUINGIA. ATAKAYEKAMATWA ATAFUNGWA.”

Nikaandika.

“Chini yake: ZAIDI SANA SAA SITA MPAKA SAA NANE, SABABU MULINZI EKO KU NYUMBA ANAKULA.”

Nikainua brashi. “Papa Banza, ile ya mwisho unaitakia nini?”

“Ya mwisho njo ya lazima.”

“Saa mbili muzima? Bukari yako ni ya dakika kumi.”

“Nitatafuna pole.”

Sikuelewa, au nilijifanya sielewi. Alipigilia ubao langoni. Pengo la ukuta ambalo mwaka uliopita alikuwa ameliziba kwa waya, waya ule sikuuona tena. Saa nne alimfukuza mwanamke aliyekuwa anapita tu barabarani na samaki wake kichwani, akamtukana kwa sauti kubwa kwamba anataka kuiba makaa ya thamani. Mwanamke yule hakuwa na haja na makaa, lakini alilieleza jambo hilo soko zima. Saa sita kamili Banza akafunga lango kwa kufuli, akaenda kula.

Saa sita na dakika tano mtu wa kwanza alipita pengo. Mimi niliyeandika ubao nilikuwa wa tatu. Sijivunii, ingawa gunia nililobeba lilikuwa kubwa. Mke wangu alikuja nyuma yangu na beseni. Ya kupewa ilitutia hofu; ya kuiba tuliifahamu, tulikuwa tumeizoea miaka mingi.

Siku ya tatu walikuja watu na baiskeli toka Kamatanda. Mama Jenny mwenyewe hakuja. Lilikuja kundi lake lote, likaombea kila gunia kabla ya kulifunga. Saa nane Banza alirudi, akapiga kelele, akawakimbiza waliochelewa, lakini alikimbia taratibu, na kwa umri wake hakuna aliyeshangaa. Siku ya nne alisimama sokoni akilalamika kwamba wezi wa siku hizi hawana hata akili, wanachukua makaa ya upande wa barabara, kumbe mazuri ni ya upande wa nyumba. Kesho yake wote tulihamia upande wa nyumba. Huko chini yalikuwa ya moto kweli. Magunia mawili yaliungua yakatoboka, tukayamwagia mchanga, tukaendelea. Tulilima rundo lile kama shamba, kila mchana saa mbili, na hakuna mkubwa aliyewahi kutupa kazi tukaifanya kwa bidii namna ile.

Panda nzima ikawa inapikia makaa ya mawe kwenye mbabula, majiko yetu ya bati. Moshi wake ni mweusi na mchungu, na kwa wiki tatu bukari yetu ilinuka stesheni. Nyumba ya tisa peke yake iliendelea kununua makaa ya miti. Élisabeth ndiye aliyenisimulia baadaye, na hasira ilikuwa haijamtoka.

“Nilimwambia, Eugène, bote banapika, na sisi? Akaniambia, sisi hatuibi. Nikamwambia, lakini weye njo unabafanya baibe. Akasema, ile ni kazi. Kuiba ni kitu ingine.”

Siku ya kumi na tisa palibaki udongo mweusi na vumbi. Banza alichomeka fimbo mahali palipobaki, akaishika mpaka amina, na kwa mara ya kwanza mwaka ule, alisema Élisabeth, alilia. Reine akarudi nyumba ya kumi na mbili na mtoto wake. Sisi hatukuona chochote cha ajabu. Nyumba zilikuwa pale pale zilipokuwa jana.

Wiki iliyofuata Camille alikuja na gari na askari wawili. Rundo lilikuwa limepata mnunuzi, mfanyabiashara wa Lubumbashi. Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwa la wote lilikuwa linarudi kwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja alikuwa ameshakodi malori. Camille aliuchokora udongo kwa ncha ya kiatu. Ubao haukuwepo, ulikuwa wa mbao nzuri, mtu ameuiba. Kisha akageuka akatazama mstari wetu, majiko kumi yakitoa moshi mweusi, na mawili, la Banza na la binti yake, yakitoa moshi wa kawaida.

“Banza, unaona ile moshi?”

“Naona, patron.”

“Sasa nani alibeba?”

Askari mmoja alikuwa tayari anaelekea nyumba ya kwanza. Mke wangu aliingiza watoto ndani. Kama Banza angesema wamebeba hawa, tungerudi 1991, viboko mlango kwa mlango. Kama angesema niliwaita, angekwenda gerezani kwa kuhujumu mali ya taifa, na bado wangetutafuta. Akavua kofia yake.

“Patron, ita askari arudi. Andika ya kama nililala.”

Niliitwa mimi kuandika, kwa kuwa kalamu nilikuwa nayo. Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, karatasi juu ya goti, na nyuma ya mlango wangu yakiwemo magunia manne ya makaa.

“Minye, Banza Eugène, mulinzi wa makala, nililala ku kazi,” alisema Banza.

“Siku gani?” Camille aliuliza.

“Siku kumi na tisa.”

“Yote?”

“Niko muzee, patron. Nikilala, nalala kabisa.”

Hapo ndipo nilipoelewa yote, ubao, saa mbili za kula, upande wa nyumba. Nilimtazama nikitaka kusema. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Camille naye alimtazama, na nadhani alijua, lakini rapport yake ilikuwa imepata jina la mkosaji, na rapport haihitaji zaidi. Banza akatia sahihi kwa herufi kubwa za shule, polepole, akihakikisha inasomeka. Nikaandika tarehe.

Alifukuzwa kazi siku ile, baada ya miaka thelathini na mitatu. Na nyumba ya kambi ni ya kazi, anayeondoka kazini anaondoka nyumbani. Wakampa mpaka Jumamosi.

Jumamosi tulikuja wote kumsaidia kuhama, maana Panda tuna adabu. Watu walibeba viti, sufuria, picha ya Bikira Maria. Walikuwa wapole naye, kama unavyokuwa mpole kwa mtu aliyejiharibia mwenyewe. Mmoja alinong'ona kwamba mzee alijisifu mno, ona sasa. Reine alisimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Mama yake alikuwa amemkataza kueleza ukweli. Mama Jenny alileta bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, limefunikwa vizuri, bado lina moto.

“Papa Banza,” alisema kwa huruma, “usingizi njo iliua hii kampuni.”

“Njo vile, mama,” Banza alijibu, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. “Aksanti.”

Wote walisikia. Mimi nilikuwa chumbani nimeshika kitanda upande wa miguuni, na mlango ulikuwa wazi. Askari walikuwa wameshaondoka zamani. Hapakuwa na wa kumwogopa tena, nilibaki na aibu yangu tu, ya yule aliyekuwa wa tatu kupita pengo. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Banza aliingia, akaniona uso, akaenda moja kwa moja upande wa kichwani akashika.

“Mwalimu,” alisema, “tuinue.”

Nikainua. Tulikipitisha kwa ubavu, kwa sababu milango ya nyumba zetu ni myembamba.